Kutunza bwawa la kuogelea nyumbani: mwongozo kamili kwa aliye Tanga

Siku mbili kabla ya Idi, miaka michache iliyopita, nilimwaga kopo zima la klorini kwenye bwawa la shangazi pale Raskazone, saa sita mchana, jua la utosi. Wageni walikuwa njiani kutoka Dar na maji yalishaanza kuchukua ukijani kwa mbali. Nusu saa haikuisha, maji yakawa meupe. Shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama ukingoni, akayatazama maji, akanitazama mimi.

“Mwanangu, umekamulia nazi humu?”

“Ni dawa, shangazi. Itatulia.”

“Haya. Itulie kabla ya Idi basi.”

Haikutulia. Watoto walisherehekea Idi wamekaa ukingoni na nguo zao mpya, miguu ndani ya tui. Nilipokuja kupima, pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ilikuwa 8.2, juu mno. Maji yalijaa chokaa ya kisima, nami nimeyaongezea klorini ya unga ambayo nayo ina chokaa ndani yake. Chokaa ikakosa pa kujificha, ikajitenga na maji. Na klorini yenyewe, kwa pH ile na jua lile, haikufanya kazi ya maana. Tangu siku hiyo nimetazama mabwawa mengi ya watu hapa mjini, na kisa ni kile kile: dawa ipo tele, ila imemwagwa bila kupima, tena saa isiyo yake.

Anza na tepu, siyo na dawa

Pima urefu, upana na kina. Kina kipime mara mbili, upande wa watoto na upande wa wakubwa, jumlisha kisha gawa kwa mbili. Bwawa la shangazi lina mita 8 kwa 4, kina kinaanzia mita 1 hadi 1.8, wastani 1.4. Zidisha zote tatu upate mita za ujazo 44.8. Tuseme 45, yaani lita 45,000. Iandike namba hiyo kwa rangi ukutani, kwenye kibanda cha pampu, asije mtu akaisahau.

Vipimo vyote nitakavyotaja ni vya lita 45,000. La kwako likiwa nusu yake, na dawa iwe nusu. Fundi anayekwambia “weka vikombe viwili” bila kuuliza lita, mpe chai, mshukuru, muage.

Maji umeyatoa wapi?

Maji ya bomba ya Tanga hutoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi unaoshuka kutoka Usambara Mashariki. Ya kisima ni habari nyingine. Mji wetu umezungukwa na mawe ya chokaa. Aliyewahi kuingia mapango ya Amboni ameyaona kwa macho yake, na saruji yetu inatokana na mawe hayo hayo. Maji yanayopita humo huibeba chokaa, na karibu na bahari huibeba na chumvi. Dalili unazijua: sabuni haitoi povu, na birika la chai lina ganda jeupe ndani. Ganda hilo ndilo litakalojijenga kwenye vigae na ndani ya mchanga wa chujio lako.

Visima vingine vina chuma. Maji yanatoka meupe safi, ukitia klorini yanageuka rangi ya chai ya rangi. Kwa hiyo kabla hujajaza bwawa zima, jaza ndoo moja ya lita 20, tia klorini ya ncha ya kijiko, iache hadi kesho yake. Ikibadilika rangi, heri uite boza la maji ya bomba.

Kama kisima ndicho ulichonacho, unaweza kuishi nacho, ila pH iweke upande wa chini, 7.2 hadi 7.4, na ukipata klorini ya maji badala ya ile ya unga, itumie, kwa sababu haiongezi chokaa. Inunue mpya na usiiweke miezi. Kwa joto letu hupungua nguvu ikiwa ndani ya dumu.

Pampu, chujio na mchanga

Maji hutoka bwawani kupitia skima, ule mdomo wa pembeni wenye kikapu cha kunasa majani, yakaenda kwenye pampu, yakasukumwa kupita mchanga wa chujio, yakarudi bwawani yakiwa safi. Mchanga ni wa silika, punje kama nusu milimita, na ukitunzwa hukaa miaka mitano hivi. Usishawishike na mchanga wa ufukweni kwa kuwa ni wa bure. Umejaa vipande vya makombe, na kombe ni chokaa.

Juu ya chujio kuna geji ya presha. Siku chujio likiwa safi kabisa, soma mshale umesimama wapi, uweke alama kwa kalamu ya wino mzito. Mshale ukipanda kama bar 0.6 juu ya alama hiyo, mchanga umeziba na ni wakati wa kuusafisha kwa kurudisha maji kinyumenyume, kazi ambayo mafundi huiita bakiwoshi. Zima pampu. Bonyeza mpini wa valvu, uugeuze kwenye alama ya bakiwoshi, washa. Kwenye kile kioo kidogo cha pembeni utaona maji yanatoka ya kahawia, kisha ya njano, kisha maangavu, dakika mbili au tatu tu. Zima. Geuza kwenye alama ya kusuuza, washa nusu dakika, zima, ndipo urudi kwenye kuchuja. Ukiruka kusuuza, uchafu uliobaki kwenye bomba utarudi bwawani kama moshi. Na ukiugeuza mpini pampu inanguruma, mpira wa ndani ya valvu utapasuka, na kuanzia hapo maji yatakuwa yanavujia kwenye bomba la kutolea uchafu usijue yanakwenda wapi.

Pampu iendeshwe kwa saa ngapi kwa siku? Maji yote yanatakiwa yapite kwenye chujio angalau mara moja kwa siku. Pampu inayosukuma lita 8,000 kwa saa itayamaliza lita 45,000 kwa muda usiofika saa sita. Mimi huiendesha saa nane, nusu asubuhi na nusu kuanzia jioni baada ya kutia dawa. Pampu ya nguvu ya farasi mmoja hula karibu uniti moja ya LUKU kwa saa, kwa hiyo piga hesabu ya uniti nane kwa siku kabla hujachimba bwawa. Wengi huchimba kwanza.

Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula mota. Kibanda kiwe na matundu ya hewa, ila mdomo wake usielekee baharini.

Kupima

Nunua kile kiboksi kidogo chenye mirija miwili na chupa za matone. Ni cha bei nafuu kuliko kopo moja la klorini. Zamisha mkono hadi kiwiko, mbali na tundu linalorudisha maji, uchukue maji ya huko chini, kwa sababu ya juu yamepigwa na jua na yatakudanganya. Jaza mirija yote miwili. Kwenye mmoja matone yatageuza maji kuwa ya njano: hiyo ni klorini. Kwenye wa pili yatakuwa kati ya machungwa na wekundu wa waridi: hiyo ni pH. Vilinganishe na rangi za pembeni ukiwa kivulini, na karatasi nyeupe nyuma ya mirija.

Unachokitafuta ni pH kati ya 7.2 na 7.6, na klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Mara moja kwa mwezi pima na alikali, ile inayoishika pH isiyumbe. Iwe 80 hadi 120. Ikishuka, bikaboneti huipandisha, ile ile ya kuumulia maandazi: robo tatu ya kilo kwa lita 45,000 hupandisha kama 10.

pH kwanza, klorini baadaye

Hapa ndipo pesa za watu zinapozama. Klorini ikiingia majini hugawanyika sehemu mbili, moja kali inayoua vijidudu na nyingine goigoi. pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Kwenye 7.2 karibu theluthi mbili ni ile kali. Kwenye 7.5 ni nusu kwa nusu. Ikifika 8, imebaki kama robo. Maana yake, mwenye pH 8 akinunua makopo manne, matatu amewalisha samaki. Na maji ya hapa, pamoja na klorini ya unga, huipandisha pH kila wiki bila kukuuliza.

Kuishusha hutumika asidi. Anza na nusu lita, siyo zaidi. Jaza ndoo ya plastiki maji kwanza, ndipo umimine asidi ndani yake taratibu; ukifanya kinyume, itakurukia usoni. Vaa glavu na miwani, simama upepo ukikutoka mgongoni. Zunguka na ndoo ukimwaga upande wenye kina, pampu ikiwa inafanya kazi. Subiri muda wa saa nne, pima tena, ikibidi rudia. Ikiwa pH imeshuka chini ya 7.2, mara nyingi baada ya mvua kubwa, soda ashi huirudisha, gramu 200 kwa mara moja.

Klorini ni jioni. Jua likishazama, saa moja usiku. Klorini isiyo na kinga, ikikutana na jua la Tanga la saa sita, zaidi ya nusu yake hupotea kwa muda wa saa moja hivi. Ukimwaga usiku, ina saa kumi na moja za kufanya kazi kabla jua halijaamka. Kwa unga wa asilimia 65, gramu 70 huongeza miligramu 1 kwa lita. Siku ya kawaida gramu 100 hadi 150 zinatosha. Koroga kwenye ndoo ya maji, acha dakika kumi chenga nyeupe zizame, mwaga yale maji maangavu ya juu, na lile tope la chini limwage mbali na bwawa. Ukitupa unga mkavu moja kwa moja, utakaa juu ya vigae na kuvitia mabaka.

Kuna dawa ya kuikinga klorini na jua, mafundi huiita stebilaiza. Ikiwa miligramu 30 hadi 50 kwa lita inasaidia sana, na klorini yako basi isishuke chini ya 2. Kwa kuanzia ni kama kilo 1.4, mara moja tu. Lakini angalia: vile vidonge vikubwa vya gramu 200 vinavyowekwa kwenye boya tayari vina dawa hiyo ndani yake. Kidonge kimoja kila siku mbili, kwa bwawa letu, huongeza kama 36 kwa mwezi. Miezi mitatu umeshapita 100, na hapo klorini inakuwa imekingwa hata kufanya kazi haiwezi. Kipimo kinasema klorini ipo, macho yanasema maji ya kijani. Hakuna dawa ya kuitoa zaidi ya kumwaga maji na kuingiza mengine. Kwa hiyo vidonge ni vya safari, unapokwenda Lushoto wiki moja. Ukirudi, rudi kwenye klorini ya unga au ya maji.

Jambo lingine watu hulielewa kinyume. Bwawa likinuka klorini na macho yakiwasha, watu husema dawa imezidi. Harufu ile kali ni ya klorini iliyokwisha kushikamana na jasho na mkojo. Dawa imepungua, inatakiwa kuongezwa miligramu 10 kwa lita, usiku mmoja, yaani karibu gramu 700 za unga, na hakuna kuogelea hadi kipimo kishuke chini ya 5. Na watoto waende chooni kwanza, kisha wajimwagie maji kabla ya kuingia.

Kazi za mkono

Kila asubuhi, kabla ya chai, wavu. Majani ya mkungu na mwarobaini yakilala majini usiku kucha hutoa rangi kama chai, na kila jani linakula klorini yako. Kumwaga kikapu cha skima ni kazi ya dakika moja; tazama kwanza kabla ya kuingiza mkono, maana vyura hupenda humo, na siku moja mimi nilikuta nyoka mdogo wa majani, naye alikuwa na hofu kuliko mimi. Karibu kuliko mimi.

Mara mbili kwa wiki piga brashi kuta zote, hasa ngazi, pembe na upande usiopata mzunguko wa maji. Mwani huanzia hapo. Sisemi ule wa akina mama wa pwani wanaolima na kuuza. Nasema ukijani unaoteleza, ambao ukiuona kwa macho ujue ulishakaa siku kadhaa. Baada ya brashi, fyonza uchafu wa chini: unganisha kichwa cha kufyonzea, mpini na bomba, lijaze bomba maji hadi mapovu yaishe, ndipo uliingize kwenye skima. Bomba lenye hewa litaikausha pampu. Sukuma polepole kama unayepiga deki chumba chenye mtoto aliyelala. Ukikimbia utalitimua tope lote.

Kwenye mstari wa maji utaona utepe wa mafuta. Ni mafuta ya nazi, tunapaka sana, hakuna wa kumlaumu. Sugua kwa sponji lenye bikaboneti. Sabuni ya vyombo itakuletea povu la wiki nzima, na waya wa kusugulia sufuria huacha vipande vinavyoshika kutu kwenye grauti.

Bwawa hupoteza maji kwa jua, milimita tano hivi kwa siku, ambazo kwa eneo la mita za mraba 32 ni ndoo nane za lita 20. Ukishuku linavuja, weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, iliyozama nusu, tia alama ya maji ndani ya ndoo na nje yake, subiri siku nzima. Maji ya bwawa yakishuka kuliko ya ndoo, yanavuja.

Umeme ukikatika

Siku moja si neno. Ikifika siku ya pili, usiingoje pampu: jioni koroga klorini kama kawaida, mwaga kuzunguka kingo zote, kisha yachanganye maji kwa brashi ndefu, dakika ishirini, ukiyasukuma kutoka kina kirefu kwenda kifupi. Umeme ukirudi, kagua saa ya pampu kama haijapotea majira, na hakikisha pampu imevuta maji. Inayozunguka mkavu huunguza sili yake kwa muda mfupi.

Maji yameshakuwa kijani

Toa majani yote. Piga brashi kila mahali, hata kama huoni chini. Shusha pH hadi 7.2. Jua likizama tia kilo moja ya klorini, acha pampu usiku na mchana, na safisha mchanga kila geji inapopanda. Kesho yake maji yatakuwa ya kijivu, na hiyo ni habari njema, mwani umekufa. Rudia hadi klorini unayoipima usiku ukiikuta asubuhi karibu vile vile.

Yakibaki na ukungu, tumia shabu, ile ile ambayo bibi zetu walizungushia kwenye mtungi wa maji ya mto. Kilo 2, isagwe na iyeyushwe kwenye ndoo, imwagwe bwawa zima, pampu izunguke bila kuchuja kwa saa mbili, kisha zima kabisa. Usiku kucha usiguse kitu. Asubuhi uchafu wote umelala chini kama blanketi. Ufyonze ukiwa umegeuza valvu kwenye alama ya kumwaga nje, polepole mno. Ukiupitisha kwenye mchanga utauharibu.

Mtu atakwambia utie mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba. Unaua mwani, kweli. Pia unatia vigae madoa ya buluu na nywele za watoto ukijani. Mimi siutumii.

Masika

Kuanzia Machi hadi Mei mvua hupunguza dawa na alikali na kuingiza udongo. Pima kila baada ya mvua kubwa, na punguza maji hadi katikati ya mdomo wa skima.

Ila usilimwage bwawa lote masika, hata likiwa chafu namna gani. Huku pwani maji ya ardhini yapo karibu, na wakati wa mvua hupanda. Bwawa tupu ni kama ngalawa iliyofukiwa: maji ya chini hulisukuma juu, likapasuka sakafu au, kama ni la faiba, likang'oka zima zima. Kazi za kulimwaga zifanye Januari au Februari.

Na bwawa lililoachwa na maji ya mvua kidogo chini ni kiwanda cha mbu. Mwaka 2019 homa ya dengue ilipozagaa Dar es Salaam na huku kwetu Tanga, tulikuwa tunaambiwa tumwage hata vifuu vya nazi. Ukiona viluwiluwi, klorini yako ni sifuri.

Stoo na geti

Asidi na klorini visikae chumba kimoja. Vikikutana hutoa gesi ya kuua. Klorini ya unga na vile vidonge visigusane hata kwa kijiko kimoja, vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Visiwe karibu na mafuta ya taa, petroli wala mbolea. Na asidi isitiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Bwawa lizungushiwe uzio wa mita 1.2 au zaidi, usio na pa kukanyagia, na geti linalojifunga lenyewe, komeo likiwa juu mkono wa mtoto usipofika. Mfuniko wa mfereji wa chini ukivunjika, funga bwawa siku hiyo hiyo, kwa sababu mvuto wa pampu humshika mtoto nywele. Jioni wavu, mpira na maboya yote yatolewe majini, maana ndiyo yanayomwita mtoto wa miaka miwili wakati watu wazima wako ndani wanafuturu.